Weusi Ndani ya Boksi

Siku ya kuanua matanga ya mume wangu tuliosha kila alichokigusa. Ndiyo desturi yetu hapa Mtinko: nguo, blanketi, hata vyombo vya kazi. Yeye alikuwa fundi redio. Mezani kwake nilikuta boksi jeupe la plastiki la kufunikia inveta ya sola, ndani lina weusi kama masizi. Nikalisugua kwa jivu na gunzi mpaka likang'aa. Shemeji yangu akaifungia inveta humo, nasi tukamkabidhi mwenyewe, mzee jirani yetu.

Baada ya wiki alirudi. Kila akiwasha inveta, redio yake inanguruma, hasikii hata taarifa ya habari. Alisema mbele ya majirani waliokuja kunipa pole.

"Marehemu nilimwamini. Kumbe kazi yake ilikuwa ya siku moja tu."

Shemeji akaninong'oneza ninyamaze, mzee atasahau. Lakini nilikwisha kukumbuka. Mume wangu alikuwa akitwanga vile vijiti vyeusi vya ndani ya betri kuukuu, unga wake akiuchanganya na gundi, nami nikimlalamikia kwamba ananiharibia kinu. Alinieleza kuwa plastiki tupu inapitisha kelele za umeme, ila ikipakwa unga ule ulioshikana na gundi, kelele zinabaki ndani. Nilimsikiliza nusu nusu. Nilikuwa napepeta uwele.

"Babu, mwenye kosa ni mimi," nikasema. "Yeye alipaka dawa yake. Mimi nikaisugua nikidhani ni uchafu."

Mzee akanitazama.

"Uliisugua yote?"

"Yote, babu. Kwa jivu."

"Basi mkono wako ukisugua haudanganyi, mama."

Shemeji alitazama chini.

Nilivunja betri, nikatwanga vile vijiti, nikachanganya na gundi, nikalipaka boksi. Mpako wa kwanza ulipasuka juani kwa kuwa unga ulizidi. Wa pili ulishika. Shemeji akaubana juu yake waya mdogo wa inveta wa kutolea kelele, kama marehemu alivyoufunga, tukampelekea mzee. Redio ilitulia, ikabaki na mkwaruzo kidogo. Mzee akainamisha sikio kwa muda mrefu.

"La marehemu, siku aliponijaribishia, halikuwa na mkwaruzo huu," alisema. Jumapili aliwarudia majirani wale wale, mmoja mmoja, akawaambia hivyo hivyo.

Kinu kile bado ni cheusi. Karanga natwangia kingine.