Banda la Bati Tupu

Mimi nilitaka tujenge banda la kuku wenyewe, kwa mbao kuukuu na waya, hapo nyuma ya nyumba yetu Shauri Moyo. Mwanangu akakataa. Miaka ile ya tisini wezi wa kuku walituhangaisha, basi akaenda kwa fundi wa masanduku ya shule, akanunua banda la bati tupu, lenye kufuli.

“Mama, hapa mwizi atalia!”

Jumapili tuliporudi kutoka kanisani, joto lilikuwa limeua kuku wangu wote, hata yule aliyekuwa ameatamia. Nikamwita aone.

“Lakini mama, si hawajaibwa?”

Hawajaibwa! Kesho yake nilijenga la waya kwa mikono yangu, na msumari hata mmoja sikumruhusu aguse.