Jina Lililokosekana kwenye Santuri

Pale Kabati watu walimwamini Musyoka kwa redio zao, ila muziki wake uliwashinda. Kila fundi wa redio ana kasoro yake. Mmoja hulewa, mwingine hukaa na redio ya mtu miezi mitatu akisema anangoja spea. Musyoka alikusanya santuri za muziki wa filamu, tena si ule uliotoka kwenye filamu yenyewe. Yeye alitaka zile zilizopigwa upya. Filamu ikishapata jina, kampuni fulani hukusanya wanamuziki wa hoteli, wakaupiga muziki uleule kwa siku moja, kisha santuri ikatolewa na picha kubwa ya farasi kwenye jalada. Ni ukitazama chini kabisa, kwenye maandishi ya kuumiza macho, ndipo unagundua kwamba hawa ni watu wengine.

"Fundi, uliuziwa feki," wateja walimwambia.

"Feki iko na wenyewe," naye huwajibu. "Hawa watu walipiga, wakatoka jasho. Na hakuna mtu aliandika majina yao."

Hilo ndilo lililomuuma. Alikuwa na daftari nene ambamo kila santuri ilikuwa na ukurasa wake: studio gani, tarehe gani, nani alipuliza tarumbeta, nani alipiga gitaa. Alisoma namba zilizokwaruzwa karibu na lebo, akaziandikia kampuni barua, na mahali kampuni ilipokufa akawaandikia watu wa posta kuuliza sanduku lile lilirithiwa na nani. Majibu yalikuja moja moja, na mengi hayakuja. Hakukata tamaa. Mtu anayetafuta waya uliokatika ndani ya redio siku nzima hawezi kutishwa na barua isiyojibiwa.

Ukurasa mmoja tu ndio uliomkosesha raha. Santuri yenyewe aliipata Kitui mjini mwaka 1970, kwa mwenye duka mmoja aliyekuwa akihama. Ilikuwa ya filamu ya wachunga ng'ombe wa Marekani, ambayo gari la sinema lilikuwa limewahi kuionyesha uwanjani Kabati. Upande wa pili, wimbo wa tatu, vyombo vyote vinanyamaza na mwanamke anaimba peke yake, mdomo ameufumba, hana neno hata moja. Haimalizi dakika. Kwenye daftari Musyoka aliandika "Sauti ya kike", akapiga mstari, na juu ya mstari hakuna kitu.

Mkewe, Mutindi, mzaliwa wa Kikima kule Mbooni, aliacha kila alichokuwa akifanya wimbo huo ulipofika. Alikuja kusimama mlangoni na mwiko wake.

"Huyu mama anajaribu," alimtania mumewe. "Lakini hapo mwisho pumzi imemwishia."

"Wacha wivu. Nitamtafuta mpaka nimjue."

"Haya, tafuta. Siku ukimpata, uniambie."

Kisha anacheka peke yake mpaka jikoni, na Musyoka hajui kinachomchekesha. Maneno hayo waliyarudia miaka kumi na moja, na hakuna aliyeyachoka.

Mutindi alifariki mwaka 1981. Moyo ulikuwa ukimsumbua, na wakati walipofika hospitali hapakuwa na la kufanya. Nyumba ilipokwisha kutulia na waombolezaji wamerudi makwao, Musyoka aliweka ile santuri, na sauti ile ilipoanza alilia kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Ilikuwa nyepesi kuliko ya mkewe, ya kitoto kidogo, lakini ilikuwa na kitu chake. Kuanzia hapo hakutafuta jina kwa sababu ya daftari. Alitaka kumjua mwanamke aliyekuwa akimliwaza, amshukuru hata kwa barua.

Sasa, mtu mmoja alikuwa akija nyumbani kwake mara kwa mara miaka hiyo yote: mama mkwe wake, kutoka Kikima. Lakini Mkamba aliyelelewa vizuri haketi na mama mkwe. Hawatazamani usoni, na jina lake halitamki. Hiyo ndiyo nthoni, heshima yenyewe. Kwa hiyo kila mama huyo alipoonekana njiani, Musyoka alizima gramafoni yake, akaifunika shuka, akatokea mlango wa nyuma. Kabati nzima ilimsifu kwa adabu hiyo.

Mwaka 1984 barua ikaja kutoka Mombasa, ya mzee aliyewahi kuwa fundi wa mitambo kwenye studio moja Nairobi. Musyoka alisimama katikati ya duka akaisoma kwa sauti, wateja wakisikiliza. Walirekodi Agosti 1963. Wanamuziki walikuwa wa hoteli, na majina yao ndiyo haya. Wanawake wa kwaya moja ya kanisa walikuwa wamekuja siku hiyo kurekodi nyimbo zao za dini, naye huyo mzee akawaomba wabaki wamsaidie kipande kimoja. Walitoka Kikima. Aliyewatilia sahihi alikuwa…

Musyoka akafunga mdomo.

"Nani sasa?" wateja wakauliza.

Aliikunja barua akaitia mfukoni. Iliandikwa Kalunde Mutunga, na hilo lilikuwa jina la mama mkwe wake. Alichukua kalamu, akafungua daftari, na mkono nao ukakataa.

Jumamosi alikuwa Kikima, gramafoni ameifunga kwenye blanketi, sukari na majani ya chai mkononi. Shemeji yake Kiema, kijana wa miaka ishirini na mmoja, mdogo wake Mutindi, alimwekea kiti nje, ukutani mwa jikoni. Mama alikuwa ndani. Kiema akasimama mlangoni, katikati yao.

"Kiema, mwambie mama nimemletea kitu asikilize."

"Mwambie nasikia," ikatoka jikoni. "Mimi si kiziwi."

"Anasema anasikia," Kiema akasema, akijizuia kucheka.

Musyoka akaweka sindano kwenye wimbo wa tatu. Vyombo vikanyamaza, sauti ikaingia, na kule jikoni kifuniko cha sufuria kikaanguka. Wimbo ukaisha.

"Muulize alitoa wapi hii," mama akasema. "Kanisa lilikuwa limekataza mambo ya sinema. Wazee wangejua, tungefungiwa meza ya Bwana sisi wote."

"Mwambie mama asiogope. Mwambie sauti yake imenishikilia tangu Mutindi aende. Nilikuja kusema asante."

"Hiyo si sauti yangu."

Musyoka akageuka kuutazama ukuta.

"Mimi nilitia sahihi kwa sababu nilikuwa mkubwa wao. Koo lilikuwa limenifunga, nakohoa tu. Nilikuwa nimeenda na Mutindi anishikie Kiema, bado ananyonya. Yule fundi alimsikia huko nje akimbembeleza mtoto, akamwita aimbe yeye. Alikuwa na miaka kumi na nne. Nilimwapisha asiseme kwa mtu, hata akiolewa asiseme."

Kiema hakuyarudia maneno hayo. Alikuwa ameinamisha kichwa.

Akilini Musyoka alimwona mkewe mlangoni na mwiko wake, akijikosoa na kucheka, miaka kumi na moja, akingoja tu mumewe afike mwenyewe. Alilia bila kujificha, na kutoka jikoni alisikia mtu mwingine akilia. Ukuta ukabaki pale ulipo. Kisha akatoa daftari kwenye koti, akaandika juu ya ule mstari: Mutindi. Mkono haukukataa.

"Kiema," mama akasema, "mwambie aiweke tena. Miaka yote hiyo nilikuwa nikija kwake, akizima."

Musyoka akarudisha sindano. Mtoto wa miaka kumi na nne akaimba, mdomo ameufumba, na hapo mwisho pumzi ikamwishia, kama alivyokuwa akisema mwenyewe.

"Nimempata," Musyoka akamwambia mkewe.