Guga na Shimo la Hondohondo

Watu wangu, naandika haraka, kwa hivyo makosa mtanisamehe.

Guga, babu yangu, alikuwa askari wa msitu huku Buyangu miaka ile ya Uhuru. Ndege aliowaona aliwaandika kwenye daftari. Siku hizi macho yake hayaoni kitu.

Leo asubuhi akataka nimpeleke kwa mti mmoja ulio kwenye daftari. Anaogopanga ulishachomwa makaa. Aliandika hivi: "Hondohondo. Jike amejifungia shimoni kwa matope."

Jamani, hiyo ni miaka sitini!

Tukafika. Mti upo. Nikakagua shina lote.

"Guga, hakuna shimo. Ni matope tu yamekauka."

"Nyamaza."

Mabawa yakavuma juu yetu kama mvua inayokuja. Dume akatua, akapenyeza tunda kwenye ufa wa yale matope.

Mdomo ukatokea ndani, ukalichukua.

Nywele zilinisimama. Shimo lilelile! Nani kati yenu angejua?

Nikaandika chini ya mstari wake, nikimsomea: "Leo nimeona hondohondo wawili."

"Futa," akasema. "Andika ni mimi nimewaona. Wewe ulikuwa unaangalia tu."