Kalamu Nyekundu ya Sista Penseli

Fundi cherehani wa mlango wa pili alikuwa na mdomo mwepesi kuliko sindano yake. Asubuhi ile aliegemea ukuta wa uani, futi ya kupimia ikining'inia shingoni, akamwambia jirani yake aliyekuwa anafua nepi:

"Mwenzangu, umeyasikia? Sista Penseli ameondolewa darasani. Jumamosi wanampeleka kwenye nyumba ya masista wazee. Wanasema ni divai ya misa. Anaishusha chupa nzima, halafu anakaa na madaftari anapiga vema tu, hata mtoto akiandika mbili na mbili ni mbuzi."

Akacheka mwenyewe mpaka akajifuta macho.

Jirani yake hakucheka. Watu pale walimwita Mama Kichanga, maana tangu ahamie hawajawahi kumwona bila mtoto mgongoni. Aliinamia beseni, akaendelea kusugua nepi iliyokwisha takata. Hilo la divai alikuwa analisikia kwa mara ya kwanza. Lakini habari ya vema aliijua vizuri, kwa sababu ilitoka kinywani mwake.

Wiki mbili nyuma alifungua daftari la binti yake mkubwa, aliyekuwa darasa la kwanza. Saba na tano, kumi na nne. Pembeni, vema nyekundu iliyonyooka. Chini yake tisa na sita, kumi na tatu. Vema tena. Akamwonyesha fundi, na fundi akasema, "Na wewe unatazama tu? Peleka kwa mwalimu mkuu." Akapeleka, kabla hata ya chai ya saa nne. Alijiambia anafanya kwa ajili ya mtoto. Lakini kilichomrudia sasa, akiwa na mikono kwenye povu, ni jinsi alivyojisikia mwalimu mkuu alipomvutia kiti na kumwambia, "Mama, umefanya jambo la maana." Hakuna ofisi iliyowahi kumvutia kiti, yeye aliyeishia shule ya msingi. Aliondoka pale anatembea kama amevaa viatu vipya.

Na mtu mwenyewe aliyemshtaki ofisini ni Sista Penseli, mwalimu wake wa utotoni.

Sista alifika shule ile akiwa msichana wa miaka ishirini na mbili, nadhiri zake bado mbichi. Baba yake, seremala, alikuwa amemnunia miaka miwili kwa kwenda utawani. Hasira zilipomwisha hakuandika barua; alimletea rula aliyoiranda kwa mkono wake, na kila inchi akaichonga alama kwa kisu. Rula hiyo haikumgusa mtoto hata mmoja. Ilikuwa ya kuweka chini ya mstari, macho ya mtoto yasitangetange. Mara mbili walitaka kumfanya mwalimu mkuu, akakataa, akasema darasa la kwanza ndiko shule iliko, kwingine ni kumalizia. Alikuwa anaokota vipande vya penseli ambavyo wengine wangevitupa, akavitia kwenye kopo la maziwa, na aliyesahau penseli nyumbani alitia mkono humo bila kuulizwa neno. Ndiyo asili ya jina lake.

Mama Kichanga alipokuwa mdogo, hakujua kusoma. Alijua kusikiliza. Wenzake wakisoma ukurasa, yeye anaukariri, na zamu yake ikifika anautiririsha wote huku macho yakitazama dari. Siku moja Sista akaufunika mstari kwa rula, na msichana akaendelea kusoma kama kawaida. Sista akaiacha rula palepale. Hakumcheka, hakumwita mzazi. Alimwambia polepole, "Wewe na mimi tutakuwa tunakutana mapumziko." Wakakutana muhula mzima mpaka akajua kusoma kweli, na hakuna mtu aliyejua mpaka leo.

Jioni ya siku ile ya kufua, alimkalisha binti yake.

"Niambie kweli. Sista alisahihishaje daftari lako?"

"Tunasimama karibu yake, mama. Anasema, nisomee hesabu yako. Ukisoma ukapata, anaweka vema."

"Sasa wewe uliandika kumi na nne."

Mtoto akachezea kifungo cha gauni. "Yule wa mbele yangu alisema kumi na mbili, akapewa vema. Na mimi nikasema kumi na mbili."

Mama Kichanga akaelewa. Mtoto wake alikuwa amefanya hasa alichowahi kufanya yeye. Na Sista hakuwa mlevi wala mvivu. Alikuwa haoni.

Ijumaa mchana alifika nyumba ya masista ya pale shuleni, mtoto mgongoni, akitamani ageuke kila hatua. Chumba kilikuwa na kitanda, meza, stuli na kabati lililokwisha fungwa kamba. Sista alikaa dirishani, kidole kikipita kwenye alama za rula.

"Nani huyo na kichanga?"

"Ni mimi, Sista. Yule uliyemfunikia mstari."

Uso wa Sista ukafunguka. "Wa mapumziko! Kaa, mwanangu."

Hakukaa. "Sista, lile daftari lililofika ofisini ni la binti yangu. Nililipeleka mimi. Ulinifichia siri muhula mzima, na mimi sikukufichia hata asubuhi moja. Nisamehe."

"Najua ni wewe. Mwalimu mkuu aliniambia." Sista akakohoa kidogo. "Nasikia na divai nakunywa. Ile ya hapa ni kali kama siki, wangenisingizia kitu kitamu basi."

Mama Kichanga hakujua acheke au alie. "Mbona hukusema huoni?"

"Presha ya macho, mwaka wa pili huu. Niliona aibu. Niliogopa wataniondoa, na mimi nje ya darasa sijui kukaa. Kila asubuhi nilishika daftari mbele ya uso kama ninaona, mbele ya watoto ninaowafundisha kusema kweli. Wewe umepeleka daftari moja. Mimi nimewadanganya arobaini na mmoja." Akagusa rundo la madaftari mezani. "Nimeomba niachiwe haya mpaka kesho. Gari linakuja saa tatu."

Akapapasa kopo la maziwa, akachomoa kalamu nyekundu na kuielekeza mahali sauti ilikotoka.

"Vuta hiyo stuli, mwanangu. Shika kalamu, unisomee moja moja, nitakwambia wapi pa vema na wapi pa kosa. Ila usome kilichoandikwa, siyo kile unachojua nataka kusikia. Na tuanze na la binti yako."