Mistari Ambayo Sikuichora

Juzi nilipita Tezo, nikasikia mpira ukitua kwenye glavu ya ngozi. Mwalimu kijana, aliyeambiwa kwamba niliwahi kuwa kwenye timu ya besiboli, aliniomba nimtazame mdakaji wake, binti wa miaka kumi na mitatu, nimwambie kama anafaa kucheza mechi nzima. Nikamjibu kwamba mambo hayo siyajui. Muongo mimi. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu utotoni, na ndiyo iliyoniharibu.

Sisi tulicheza besiboli wakati watoto wengi hata jina lake hawalijui. Vifaa alituachia mgeni mmoja: magongo mawili, glavu chache, na kofia moja ya mdakaji yenye vyuma vya kukinga uso, tuliyoifunga kwa kamba ya katani. Mdakaji huchuchumaa nyuma ya mpigaji na kudaka mipira inayompita. Wetu alikuwa rafiki yangu wa nyumba ya pili. Mimi sikuwa na mkono wala mbio, kwa hivyo mwalimu wa michezo alinipa daftari. Kila mpira uliomponyoka mdakaji, nichore mstari. Mistari ikizidi mitano, anakaa chini ya mkorosho na mwingine anaingia. Mwalimu alikuwa mbali akifunza warushaji. Alichojua ni kile nilichoandika.

Jioni zile zilinukia korosho zikichomwa kwenye debe, na viazi vya karai tulivyogawana tukisubiri zamu ya maji bombani. Hapo bombani ndipo nilipoanza kuona. Rafiki yangu alitega ndoo kando, maji yakamwagika chini. Akiitwa kutoka kushoto, aligeuza kichwa kizima, kama kuku. Uwanjani mipira ya kushoto ikaanza kumpita. Siku nilipochora sita alikaa chini ya mkorosho akalia bila sauti.

Kesho yake aliniambia jicho la kushoto limeingia ukungu. Michezo ya Malindi ilikuwa imebaki wiki mbili.

"Usiniumbue, mwenzangu," alisema. "Nicheze Malindi tu. Tukirudi nitamwambia mama mwenyewe."

Nami nililelewa hivyo. Nyanya yangu hakuwa na mchezo na mtu wa kutoa aibu ya jirani nje. Hata aliyetuibia kuku alimsitiri. Nikaona ninafanya wema. Ikapita mipira saba, nikachora mistari miwili. Ikapita tisa, nikachora mmoja. Mwalimu alisoma akatabasamu.

Malindi tulishinda mechi ya kwanza. Kabla ya pili mwalimu alimwona rafiki yangu amechoka, akataka kumpumzisha. Akaniomba daftari, akalisoma amesimama juani, akanirudishia.

"Huyu hatoki," alisema.

Nililikunja daftari, nikalikalia.

Mpigaji aliugusa mpira, ukapanda juu moja kwa moja. Hapo mdakaji huvua kofia ili autafute angani, na yeye aliivua kama alivyofunzwa. Aliinua uso, akageuza kichwa huku na huku. Sote tulijua kwamba hauoni. Uliposhuka ulimpiga jicho la kulia, lile zima.

Halikupona. Siku alipotoka hospitali, mama yake alikuja kwetu na sahani ya mahamri ya moto. Mwalimu alikuwa amemsomea daftari langu. Mama huyo alinishukuru kwa kumwandikia mwanawe ushahidi kwamba alikuwa hodari hadi siku ile, na kwamba lililompata lilikuwa bahati mbaya tu. Nyanya alinikazia macho nile, nisimvunjie mgeni heshima. Nilikula mawili.

Uwanja wetu umekatwa viwanja na kuzungushiwa kuta. Mkorosho haupo, nyanya hayupo, wala mwalimu. Rafiki yangu anaishi Barani kwa dada yake. Tunasalimiana kwa simu, na jambo lile hatujawahi kulitaja. Miaka yote hiyo nilijiambia kwamba iko siku nitamweleza mama yake.

Mwezi uliopita mama huyo alifariki. Matangani shangazi mmoja alinishika mkono, akawaonyesha wageni, akasema huyu ndiye yule mtoto ambaye marehemu hakuacha kumwombea dua.