Siku Fuko Walipohama

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, niliwaona fuko wakihama mchana kweupe. Kwa asiyelima viazi, fuko ni mnyama wa chini ya ardhi. Ukimwona juu, ujue amenaswa. Siku ile walitoka wenyewe kwenye shamba letu la mlimani, kule Mbeya, wakawa wanatambaa topeni. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha siku nne bila kupumzika.

Baba mdogo, aliyenilea baada ya wazazi wangu kufariki, alifurahi. Fuko walikuwa wamemlia viazi miaka yote. Alichukua jembe akawaponda vichwa mmoja mmoja, na mimi na binti yake Tumaini, wa miaka mitano, tukamwonyesha walipo huku tukicheka. Damu ilituruka miguuni. Sitajifanya kwamba niliwahurumia. Nyama ya fuko ni tamu.

Bibi aliposikia alipanda shambani akihema. Kwake fuko walikuwa mifugo ya wazee waliozikwa mlimani. Wakitoka mchana, wazee wanahama, na aliye hai haruhusiwi kulala hapo. Alimwambia mwanawe tuvuke mto sasa hivi.

"Mwenye nyumba anahama, wewe mpangaji unapanda viazi?"

Baba mdogo, mzee wa kanisa, alimjibu kwamba nyumba yake hailindwi na fuko. Basi bibi akaacha maneno. Alivunja fimbo akatuchapa sisi watoto kuelekea mtoni, bila kuchagua pa kupiga, nyingine ikanipasua juu ya jicho. Nilimshika Tumaini mkono tukakimbia tukilia. Baba mdogo alitufikia kwenye daraja la magogo. Alimsukuma mama yake mzazi akaanguka kwenye mawe, kisha akamshika Tumaini mkono wa pili. Alivuta, nami nikavuta. Mtoto alilia kwamba bega linamuuma.

"Mwachie," aliniambia, wala hakupaza sauti.

Nikamwachia. Alimbeba wakarudi nyumbani, na bibi akainuka, mdomo unatoka damu, akanivusha.

Hatukuwa tumefika mbali mlima ulipokatika. Ulinguruma, ukashuka na miti yake ikiwa imesimama, ukaipiga nyumba ukaizika. Wanaume walichimba siku mbili. Baba mdogo walimkuta amemlalia mwanawe amkinge, wote wawili wamekufa. Msibani watu walisema sikio la kufa halisikii dawa. Niliwachukia wote.

Shuleni nilikuja kuelezwa kwamba maji yalijaa kwenye nyufa za mlima, fuko wakakimbia wasife maji. Sina ugomvi na maelezo hayo, wala na wazee wa bibi. Yoyote kati ya hayo yangetuvusha mto. Ugomvi wangu ni na adabu niliyofundishwa, kwamba mkubwa akisema, mtoto anatii. Leo wanangu wakinibishia, majirani husema nimewadekeza, nami nawaacha waseme.

Mama mdogo, mama yake Tumaini, siku ile alikuwa sokoni. Aliniuliza mara moja tu kama nilimshika mwanawe mkono. Nilimjibu kwamba nilimshika. Hadi leo sijamwambia kwamba nilimwachia.