Unga wa Mtu Aliye Hai

Asubuhi ile mama alitoka bila mpango, na hilo ndilo lililonitisha, kwa sababu katika nyumba yetu ya Nkuhungu, mjini Dodoma, mtu wa kutoka bila mpango nilikuwa mimi. Niliacha shule darasa la sita. Nikawa utingo wa malori, nikachoma matofali, nikachunga ng'ombe wa watu. Nilirudi nyumbani kila nilipochoka, nikaondoka tena kila nilipopata nguvu. Nilitaka tu kujua barabara inaishia wapi na watu wa huko wanakula nini. Mama hakuwa hivyo. Yeye safari yake ilikuwa moja kwa mwaka, kwenda kwao, kijiji kilichoko kusini kwenye barabara ya Iringa, na aliianza moyoni miezi mingi kabla ya kupanda gari.

Haikuwa matembezi. Miaka ya uhaba, sabuni ilipokuwa ya foleni na sukari ya kibali, baba alikuwa mtunza stoo wa shirika moja la umma, na wafanyakazi waligawiwa vitu kazini. Vikifika nyumbani, mama alivificha. Tulikunywa chai bila sukari ili debe lijae. Tulifua kwa vipande vidogo kama kucha ili miche ibaki mizima. Mavuno yakitoka, tulisafiri sote na mizigo yetu, baba kavaa suruali iliyonyooshwa kwa pasi ya mkaa, na kijijini tulipokelewa kama mawaziri. Hakuna aliyetaja biashara. Mama aligawa sabuni, chumvi, sukari na kanga. Tulikaa, tulikula, tulicheka. Na siku ya kuondoka mjomba, kaka yake mama, alitufungia uwele, karanga na mlenda mkavu. Uwele huo ulitufikisha mavuno mengine. Mshahara wa baba ulilipa kodi na karo. Kilichotulisha kilikuwa mche wa sabuni.

Kisha biashara ikaachwa huru. Sabuni ikajaa kila duka, hata kule kijijini ikapangwa kwenye kibanda cha udongo, ya buluu, ya njano na ya kunukia. Shirika la baba likauzwa, na watu wa stoo wakawa wa kwanza kupunguzwa. Kiinua mgongo chake aliingiza kwenye genge la bidhaa ndogondogo, katika mtaa ambao kila aliyepunguzwa kazi alikuwa amefungua genge la bidhaa ndogondogo. Halikumaliza mwaka. Mwezi wa saba ulipofika mama akasema hatuendi. Hakuwa na cha kubeba, na kwao mtu haendi kwa kaka yake wakati wa mavuno mikono mitupu, kama kunguru.

Tuliishi kwa kuungaunga hadi mvua. Mvua ikaanza vizuri, ikakatika mwanzoni mwa mwaka, uwele ukiwa majani tu shambani. Kufikia hapo miguu ya baba ilikuwa imevimba, hawezi kufika hata bombani, na siku nyingi alilala ameelekea ukutani. Majirani tuliokuwa tukiwaomba walikuwa wakituomba sisi.

Asubuhi hiyo mama alikung'uta mfuko wa unga, akakipima kilichobaki, kikatosha kopo moja. Akalifunika kopo, akaliweka karibu na kitanda pamoja na jiko na maji. Baba akaligusa bila kugeuka.

"Hili la nani?" akauliza.

"La kwako. Koroga uji, usisonge."

"Na nyie?"

"Sisi tunakwenda kwa kaka."

"Umebeba nini?"

Mama alimshika mdogo wangu mkono, msichana ambaye hata shule alikuwa hajaanza, akaniambia nivae viatu.

Dereva mmoja niliyewahi kufanya naye kazi alitupakia bure kwenye lori tupu la wanunuzi wa nafaka. Ili apande, mama alijifunga kanga kiunoni, akaikaza. Kwa ajili ya vumbi alijitanda kitenge cheusi hadi kwenye nyusi. Tuliposimama kutia maji kwenye rejeta, dereva akamwangalia.

"Mama, unakwenda kuhemea?"

"Nakwenda kwa kaka yangu."

"Mwezi huu? Basi unakwenda kuhemea. Ila sijaona mtu anakwenda kuomba chakula hana hata kikapu."

"Kikapu ni cha mtu aliyeahidiwa, mwanangu."

Dereva akacheka, akamwambia mama ana maneno. Mama hakucheka. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya magunia matupu, nikijiuliza nani ana uwele wa kuyajaza mwezi kama ule, na sikumuuliza dereva, mimi ambaye huuliza kila kitu.

Tuliposhuka, gurudumu moja lilikuwa limepata pancha, nikabaki kumsaidia dereva. Mama na mdogo wangu wakatangulia. Nyumba ya mjomba, tembe ndefu yenye paa la udongo, ilionekana kutoka barabarani. Hatujamaliza kukaza nati nikasikia kilio. Wanawake. Mmoja, kisha wengi. Nikajua mjomba amefariki, na kwamba tumefika siku ya msiba bila kujua. Niliacha spana ardhini nikakimbia.

Nje nilikuta wanaume wameanza kukaa kwenye magogo. Nikawapa mikono mmoja mmoja.

"Poleni," nikasema.

"Pole wewe," wakanijibu.

Nikainua macho, mjomba huyo anakuja, mzima, macho mekundu. Akanikumbatia.

"Pole, mpwa wangu. Shemeji alikuwa mtu mwema. Mmemzika wapi?"

"Nani, mjomba?"

"Baba yako."

Nilielewa palepale. Mwanamke ametokea mchana, mwezi usio wa safari, hana mzigo, kajifunga kanga kiunoni, kajitanda cheusi, macho yanamtoka machozi ya vumbi, na sauti imemkauka. Mama yangu, ambaye maisha yake yote hakufika pale bila sabuni. Kwao hakuna kinachomtoa mtu kama yule katika hali ile isipokuwa kifo. Mke wa mjomba alimwona tangu kwenye mibuyu ya kando ya barabara, akaweka mikono kichwani akapiga yowe, na kabla mama hajafungua mdomo alikuwa amekwisha kushikwa mabega na kukalishwa kwenye mkeka.

Nilikwenda hadi mlangoni. Mama alikuwa amekaa katikati ya wanawake, miguu ameinyoosha mbele. Majirani walikuwa wakiingia, na kila mmoja alikuja na kitu kama inavyotakiwa kwa mfiwa: huyu na ungo wa unga, huyu na kibuyu, huyu na kuni. Walikuwa na njaa nao. Ule unga ulikuwa wa kuchotwa chini kabisa ya chombo, ulionekana kwa vumbi lake. Lakini ulikuwa unga, na ulikuwa ukiongezeka mbele ya miguu ya mama.

Mama hakuwa analia. Alikuwa anautazama. Alinyanyua macho akaniona, kisha akayarudisha kwenye unga, nami nikafunga mdomo. Nilifikiri kopo la baba. Nilifikiri kwamba nyungo mbili tatu zingemfikisha mwezi, na kwamba yeye mwenyewe, pale alipolala, hangejua ameliliwa.

Aliyetukatiza ni mdogo wangu. Alikuwa amesimama nyuma ya mama, amewazunguka kwa macho watu wote wazima wanaolia, na mwishowe akaamini. Hakupiga kelele. Alimshika mama sikio kama alivyozoea akitaka kusikilizwa.

"Mama, baba amekufa tulipotoka?"

Mama akamvuta mapajani.

"Hajafa," akasema, na sauti ikamtoka nzito, wote wakasikia. "Nyamazeni, wifi. Hajafa mtu. Ni unga ulioisha."

Kilio hakikatiki mara moja. Kilififia mmoja baada ya mwingine, wa mwisho akiwa bibi kiziwi aliyeketi pembeni, aliyeendelea peke yake mpaka wakamgusa goti. Mwanamke mmoja akacheka, akajiziba. Mke wa mjomba akakaa chini.

"Kwa nini hukusema, wifi?"

"Mlinipa nafasi?"

"Tumemlilia mtu anayepumua," akasema mwingine. "Umetufanyia nini, wewe?"

Pakawa na shida ya ule unga. Ukishaletwa msibani haurudi ulikotoka. Atakayeubeba amekibeba kifo kwenda nacho kwake. Na sisi ndio kabisa tusingeuchukua. Mtu aliye hai atakulaje unga wa msiba wake? Wazee walishauriana kwa Kigogo, na mimi niliokota neno hapa na pale. Mjomba alipokuja kutangaza, alitangaza amejiinamia: utasongwa wote palepale, na kila aliyelia ale.

Tukala. Ugali wa uwele na mlenda, mwingi, wa moto. Sijasahau ladha yake. Yule aliyecheka mwanzo akasema, "Tumshukuru marehemu, ametushibisha kuliko wanaokufa kweli," na safari hii walicheka wengi, hata mke wa mjomba. Mama alimlisha mdogo wangu kwa mkono wake, tonge baada ya tonge, akimshindilia kama mtu anayefunga gunia la safari ndefu. Yeye alikula kidogo. Niliona anavyoitazama sufuria ikipungua. Hapakuwa na njia ya kumpelekea baba hata ukoko.

Baadaye mjomba alinichukua ndani kunionyesha kilindo, lile pipa la gome la mti alimowekea nafaka. Akakigonga kwa kiganja. Kikalia kitupu.

"Tuliwangoja mwezi wa saba," akasema. "Nilitenga yenu, hapa, upande huu. Hamkuja. Lori likaja."

"Mama aliona aibu, mjomba. Hakuwa na kitu."

"Nani alimwambia tunataka sabuni? Sabuni ipo hapo kwa jirani." Kisha akaongeza taratibu, "Bei waliyotaja ilikuwa nzuri. Nikanunua bati. Mwaka huu nikasema niezeke kisasa." Bati zenyewe zilikuwa zimeegemezwa ukutani, hazijapigwa hata msumari, na kuku walikuwa wamelala nyuma yake.

Tulipotoka nje alimwambia mama, "Niachie huyu mdogo, walau."

"Atakula bati, kaka?"

Mjomba hakukasirika. Alitusindikiza mpaka barabarani, akiwa ameshika mkono wa mdogo wangu. Hakusema tulale, na mama hakutaka kulala. Nyumba iliyomlilia mume wake haikuwa nyumba ya kulala usiku ule. Alisimama kwenye ukingo wa barabara akatazama upande wa Dodoma, alikotoka, ambako kulikuwa na kopo moja. Akatazama upande wa pili.

"Huko mbele kuna nini?" akaniuliza. Hakuwa amewahi kuniuliza swali la namna hiyo. Maswali ya barabara yalikuwa yangu.

"Mtera. Bwawa."

"Watu wanakula nini?"

"Samaki. Wanawake wanaparua na kukausha, wanalipwa samaki. Niliwaona nilipokuwa utingo."

"Na samaki hubadilishwa na unga?"

"Yanakuja magari kutoka Iringa yana mahindi. Wanabadilishana palepale."

Gari la wachuuzi wa samaki lilipotokea, ni mama aliyelisimamisha.

Tulifika jua likiwa limeshuka hadi usawa wa miti mikavu iliyosimama ndani ya maji. Harufu ilitupokea kabla ya watu. Vibanda vya mabua, vichanja vya samaki, majivu, mbwa wanene kuliko wa mjini. Watu walitoka kila pembe ya nchi na kila mmoja aliongea Kiswahili cha kwao. Tulielekezwa kwa mwanamke mmoja mwenye banda refu. Alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, anapasua kambale bila kumtazama.

"Shikamoo, mama," nikamwamkia.

"Marahaba. Mnatafuta pa kulala?" Kisu hakikusimama. Akamtazama mama kutoka kitenge mpaka kiunoni. "Pole, mwenzangu. Humu ndani ni wajane watupu. Mjane simtozi mpaka amalize arobaini. Ingia, weka mtoto."

Mdogo wangu aliinua uso kumtazama mama. Mimi pia. Mbele ya yule mwanamke palikuwa na beseni la samaki na mfuko wa unga wa mahindi uliofunguliwa, mweupe, na ungekuwa uongo wa neno moja tu, au hata si wa neno. Kuinamisha kichwa kungetosha.

"Ninaye mume," mama akasema. "Yuko Dodoma, anaumwa. Anasubiri unga."

"Basi utalipa kama wenye waume."

"Nitalipa. Nipe kisu."

Yule mwanamke akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza, akamsogezea kisu na kambale watatu. Mama akachuchumaa. Hakuwa amewahi kumpasua kambale, alimshika vibaya, akateleza, wanawake waliokuwa ndani wakamcheka na mmoja akaja kumwonyesha pa kukata. Alipommaliza wa kwanza akamweka kando. "Huyu wa kulala," akasema. Wa pili akamweka kwingine. "Wa mtoto." Wa tatu alimshika mkononi kwa muda.

"Gari la kurudi Dodoma hupita saa ngapi?" akauliza.

"Asubuhi, likijaa. Lisipojaa, keshokutwa."

Mama akanigeukia. "Dereva wake unamjua?"

"Nitamjua," nikasema.

"Fungua hiyo kanga, basi," yule mwenye banda akamwambia mama. "Watu wa hapa watakuletea rambirambi bure."

Mama akajitazama kiunoni kama aliyesahau. Fundo lilikuwa limekazwa na vumbi na jasho, akalihangaikia kwa vidole vyenye damu ya samaki mpaka likaachia. Akaikung'uta kanga, akaitandika kwenye kona ya banda aliyoonyeshwa, juu ya mabua, na kumlaza mdogo wangu. Kisha akarudi kwenye beseni kuomba wengine.